Wanaume Wawili wa Chupa Moja

Mgonjwa akikuambia macho yake ni mazima, mtoe nje. Mkalishe penye mwanga wa jua, mwambie atazame viatu vyake, kisha inua kope la juu kwa kidole gumba. Hapo, sehemu ambayo kope huifunika kutwa nzima, ndipo ini husema ukweli. Taa ya ndani itakudanganya. Sehemu ya mbele ya jicho nayo itakudanganya, hasa huku Kajiado, ambako mtu amechunga katika vumbi na jua tangu utotoni na kulala katika nyumba yenye moshi. Weupe wa jicho lake una rangi ya chai ya maziwa hata akiwa na afya ya ndama. Ukimaliza na kope, mwambie ainue ulimi. Chini ya ulimi hakuna vumbi wala moshi.

Haya sikuyasoma chuoni. Nilifundishwa na mtu wa maabara aliyeitwa Bwana Kilonzo, na kila mara nyinyi wauguzi vijana mnapopita kwangu hapa Kitengela kunisalimia na kuniuliza tulifanyaje kazi kabla ya mashine, yeye ndiye huja kwanza katika fikira zangu. Basi leo nimekaa niwaandikie. Nilikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza katika zahanati ndogo hapa Kitengela, kisha katika kliniki moja upande wa Kajiado, ambayo jina lake nitaliacha kwa sababu makosa nitakayoyasimulia yalikuwa yangu, si ya jengo.

Mngeiona Kitengela ya miaka ya tisini msingeitambua. Dirisha la zahanati lilitazama uwanda mtupu, na asubuhi nyingine nyumbu walikuwa wakilisha karibu na kamba yetu ya kuanikia mashuka. Siku hizi nikifungua dirisha langu naona ukuta wa jirani. Sina ugomvi na jirani, ni mtu mwema, lakini nawakosa wale nyumbu.

Wagonjwa wa virusi vya ukimwi walikuwa wengi, na dawa hazikuwepo. Tulichokuwa nacho ni dawa za maumivu, dawa za kuhara, na maneno. Wengine walikuja matumbo yamejaa maji, miguu myembamba, macho ya manjano, na sisi tulikuwa na jibu moja tayari: pombe. Tumbo likijaa, tuliandika pombe, tukageuza ukurasa.

Siku moja akaja mzee kutoka Ukambani, mfanyakazi wa kiwanda kule Athi River, tumbo limetangulia mlangoni kabla yake. Alikuwa amekwisha kupimwa na anajua ana virusi. Nilimhubiria juu ya chang'aa kwa robo saa nzima. Yeye alinisikiliza kwa adabu, kofia mkononi. Mkewe ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Sista," akasema, "huyu ni mzee wa kanisa. Kitu kikali amewahi kunywa ni soda ya tangawizi, na ilimtoa machozi."

"Nilikohoa wiki mbili," mzee akaongeza, kana kwamba anaungama dhambi.

Bwana Kilonzo alikuwa mlangoni na kisanduku chake cha sindano. Alicheka hadi akaegemea ukuta. Baadaye, tukiwa wawili, hakucheka. Aliniambia kuna homa ya ini inayoletwa na virusi vyake vyenyewe, inayoingia mwilini mara nyingi tangu utotoni, ikakaa kimya kama mpangaji asiye na maneno, na miaka mingi baadaye ini likawa limejaa makovu. Mtu akiwa nayo pamoja na virusi vya ukimwi, viwili hivyo husaidiana kumbomoa. "Dada Mumbua," akasema, "uliza kabla ya kuandika. Ukishaandika, hata wewe mwenyewe utaamini."

Yule mzee alifariki kabla ya mvua ndefu kwisha. Sikupata nafasi ya kumwomba radhi kwa yale mahubiri.

Kilonzo alikuwa mtu wa Machakos kama mimi, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Alikuwa amejitengenezea kitako cha mbao chenye matundu, na humo alisimamisha chupa ndogo za damu kwenye ukingo wa dirisha, akaziacha zitulie. Damu ikitulia hujigawa, nyekundu hukaa chini, na juu hubaki maji. Maji hayo ya mtu mwenye afya yana rangi ya majani makavu. Kabla hajagusa dawa yoyote ya kupimia, alikuwa akipita mbele ya dirisha kama mtu anayekagua maziwa. "Huyu sawa. Huyu sawa. Huyu mmemtoa wapi?" Nimeona mashine nyingi tangu wakati huo, na nyingi ni sahihi kuliko macho yake. Lakini hakuna mashine iliyowahi kuniuliza mgonjwa nimemtoa wapi.

Dawa zilipofika, miaka ya elfu mbili ikiwa imeanza, mimi na Kilonzo tulikuwa tumehamishiwa upande wa Kajiado. Sijui niwaelezeje zile asubuhi. Watu ambao familia zao tulikuwa tumeziandaa kwa msiba walisimama. Mama mmoja wa Illasit aliyeletwa amebebwa kwa blanketi alirudi baada ya miezi akiwa amebeba ndizi kichwani, akanitukana kwa furaha kwa sababu nilishindwa kumtambua. Nikiulizwa ni wakati gani wa maisha yangu ningetaka nirudishiwe, singechagua ujana wala arusi yangu. Ningechagua foleni ya kliniki ya siku hizo, jua la saa mbili likiwa kwenye benchi, na watu wakizidi kunenepa.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Kidonge kilikuwa kimoja chenye dawa tatu ndani yake, na mtu alimeza kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kila mwezi alirudi na chupa, nami nilimwaga vilivyobaki juu ya kigae cheupe na kuvisukuma viwili viwili kwa kisu cha plastiki. Nawapa siri ya kazi: ogopeni hesabu isiyo na kasoro. Mtu wa kawaida husahau kimoja, huangusha kimoja, humeza kimoja mara mbili kwa wasiwasi. Kwa mgonjwa mwaminifu hubaki viwili au vitatu. Chupa inayokuja sawasawa mwezi baada ya mwezi ina jambo.

Chupa ya Parsaloi ilikuwa hivyo. Alikuwa dalali wa mifugo katika soko la Bisil, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mbuzi. Alipenda kunichokoza.

"Hesabu, sista, hesabu! Nyinyi Wakamba mnahesabu mpaka ndengu kwa sufuria."

"Na nyinyi mnahesabu ng'ombe wa watu."

"Hizo hatuhesabu. Hizo tunajua kwa sura."

Vidonge vyake havikuwahi kubaki wala kupungua. Lakini uzani wake, uliokuwa umepanda vizuri kwa nusu mwaka, ulianza kushuka. Kilo moja, kisha mbili, na mdomoni ukungu mweupe ukarudi. Nilimwonyesha Kilonzo faili. Akaitazama chupa tupu, akaigeuza.

"Chupa imesema ukweli juu ya chupa," akasema. "Mtu sasa ndiye umuulize."

Sikumuuliza. Niliona mwenyewe, kwa bahati. Tulikuwa tumekwenda Bisil kufanya kliniki siku ya soko, nikatoka mapema kutafuta maziwa ya chai. Kwenye ua wa mbuzi nikamwona Parsaloi amesimama na mwanamume mwingine, mnene kidogo, mtulivu, shuka lake limefungwa vizuri. Parsaloi alitoa kikopo kidogo kama cha ugoro. Nilidhani ni ugoro. Akajimiminia kitu kiganjani, akameza na maji, kisha akammiminia mwenzake. Mwenzake naye akameza. Ugoro haumezwi.

"Parsaloi! Umempa nini huyo?"

"Ah, sista! Umefika Bisil hata hujanisalimia? Supa!"

"Ipa," nikaitikia salamu. "Nimeuliza umempa nini."

"Nimempa yake."

"Yake ipi?"

"Ya asubuhi. Mimi nimekunywa yangu, yeye amekunywa yake. Si ni wewe ulisema iko mbili kwa siku? Na sisi tuko wawili."

"Na jioni?"

"Jioni tunalala."

Yule mwingine akatabasamu bila kufungua midomo. Jina lake Lemayian. Waliishi maboma jirani na kila asubuhi walifungulia ng'ombe pamoja. "Usimgombeze, sista," akasema. "Ni mimi nilimwambia nipe."

"Wewe umepimwa?"

"Nipimwe ya nini? Huyu amepimwa. Inatosha."

Watu wawili watatu walikuwa wamesogea. Parsaloi akashusha sauti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Sista, elewa. Huyu tulikuwa moran pamoja. Moran hanywi maziwa peke yake, mwenzake wa rika akiwa hapo. Tangu wakati huo sijawahi weka kitu kwa mdomo huyu akinitazama. Sasa nimeze dawa yeye akiniangalia kama ng'ombe inaangalia chumvi ya wengine?"

"Na imenisaidia," Lemayian akasema. Akafungua shuka kidogo na kujipiga tumbo kwa kiganja. "Hii ilikuwa imejaa kama ya ng'ombe ya mimba. Sasa imerudi. Hata nguvu iko."

Hayo aliyasema mbele yangu, wazi, mchana. Tumbo lilikuwa limejaa, limerudi. Nimeyasikia maneno hayo tena na tena katika miaka iliyofuata. Siku ile sikuyasikia. Nilisikia jambo moja tu, kwamba dawa yangu imegawanywa.

"Dawa hii si ya tumbo!" nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza viatu. "Parsaloi, ukimpa tena nitajua, na nitafunga kadi yako."

Sikuwa na uwezo wa kufunga kadi ya mtu yeyote. Lakini yeye hakujua. Uso wake ulibadilika, akarudisha kikopo kiunoni. Kwa Lemayian sikusema neno tena. Hakuwa na kadi, na kwangu mimi siku hizo mtu asiye na kadi hakuwa mtu wa kliniki. Nilirudi na maziwa yangu, nikaandika katika faili la Parsaloi: "Amekuwa akigawana dawa. Ameonywa." Sentensi mbili nadhifu. Nilizipenda.

Parsaloi alitii. Nataka mlijue hilo, maana watu hupenda kusema wafugaji hawasikii. Alitii kabisa. Niliambiwa baadaye kwamba ili asimeze mbele ya mwenzake alianza kuamka kabla yake na kwenda nyuma ya zizi, kama mwizi.

Baada ya miezi kama miwili pikapu ya kubebea mbuzi iliingia katika ua wetu. Parsaloi alishuka, akamshusha Lemayian kwa kumkumbatia kiunoni. Sikuhitaji kuinua kope. Alikuwa wa manjano mpaka viganjani, tumbo limefura, na alijibu maswali polepole kama mtu anayeitwa kutoka mbali.

"Alikuwa wapi?" nikauliza.

"Tulikuwa olpul," Parsaloi akajibu, "huko msituni, kula nyama na watu wa rika. Wiki tatu."

"Mkanywa supu ya miti."

"Supu bila gome la olkiloriti ni supu gani, sista? Ni maji ya kuosha nyama."

Basi nikapata jibu langu. Miaka ya tisini nilikuwa na pombe. Sasa nilikuwa na miti. Nikaandika kwenye faili jipya: "Ini limeharibiwa na dawa za kienyeji," na daktari wetu, kijana mwenye wagonjwa sitini nje ya mlango, akasoma mwandiko wangu mzuri na kuuamini. Nikamgeukia Parsaloi nikamwambia, mbele ya mgonjwa, "Mnaona sasa?"

Kilonzo alichukua damu. Saa moja haikwisha akaniita. Chupa ilikuwa dirishani mwa maabara, imetulia. Maji ya juu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

"Dada Mumbua, ameharibiwa na nini?"

"Supu ya miti."

"Anainywa tangu lini?"

"Tangu akiwa moran, nadhani."

"Na mwaka huu ndio imemkasirikia?"

Kilonzo alifungua droo. Tulikuwa na vijiti vichache vya kupima homa ya ini, na vilikuwa vya kupimia watu wanaojitolea damu peke yao, mgonjwa hakuruhusiwa. Akatoa kimoja. "Huyu ametoa damu leo," akasema, "nimemtoa mwenyewe." Tukasubiri. Mstari wa kwanza ukatokea, kisha wa pili, mwekundu, bila haya.

"Anayo," Kilonzo akasema. "Na si ya jana. Niambie, tumbo hili ni mara ya kwanza kujaa?"

Hapo ndipo nilipomsikia Lemayian, miezi miwili baada ya yeye kusema. Lilikuwa limejaa kama la ng'ombe wa mimba. Sasa limerudi. Nikamweleza Kilonzo kisa chote cha Bisil, mpaka ile sauti niliyoitumia. Alivua miwani. Akatoa karatasi iliyokunjwa, aliyopewa kwenye semina, na kunisomea kwa kidole: katika kile kidonge chenye dawa tatu, moja inazuia pia virusi vya homa ya ini. Kidonge kimoja kwa siku, ambacho hakikumtosha Parsaloi kwa ukimwi wake, kilikuwa kikimtosha Lemayian kwa ini lake. Na ikikatwa ghafla, virusi vya ini huamka vyote kwa pamoja.

"Nani alimkatisha?" akauliza. Nadhani alikwisha kujua.

"Mimi."

Alinawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole. "Basi nenda kwa daktari sasa, kabla ya chai. Na ile karatasi yako usiichane. Piga mstari mmoja juu ya ulichoandika, kisomeke, uandike ukweli kando, utie sahihi." Nanyi fanyeni hivyo maisha yenu yote. Kosa likifutwa kabisa, atakayekuja baada yako hatajua mahali pa kuangalia.

Daktari hakunigombeza, na ningefurahi kama angefanya hivyo. Lemayian alikubali kupimwa ukimwi, Parsaloi ndiye aliyemwambia, "Pima tu, hata mimi sikufa." Majibu yalikuwa kama tulivyoogopa. Daktari alikataa kumpa kile kidonge cha kawaida kwa sababu moja ya zile dawa tatu ilikuwa kali kwa ini lililochoka. Akabadilisha hiyo, akamwachia ile inayozuia homa ya ini. Alilala wodini wiki nyingi. Parsaloi alilala kwenye benchi. Kwake pia kulikuwa na deni la mwili: nusu dozi ilikuwa imevifundisha virusi vyake ukaidi, na ikabidi ahamishiwe dawa za ngazi ya pili, kubwa kama maharagwe. Alizilaani kwa Kimaasai kila mwezi.

Lakini Lemayian alipona, kwa maana ya kupona tuliyokuwa nayo. Manjano yakatoka kwanza viganjani, kisha usoni, mwisho chini ya ulimi. Tumbo likarudi mara ya pili. Alitoka akiwa na kadi yake na chupa yake.

Hiyo miaka iliyofuata ndiyo ninayoitamani zaidi. Siku ya kliniki waliingia pamoja, mrefu na mfupi, na walikataa kuhesabiwa mmoja mmoja. Ilibidi nigawe kigae kwa chaki katikati, huku vya huyu, huku vya yule, nao wameinama juu yake kama watu wa bao.

"Umebakisha tatu! Wewe ni mzembe!"

"Zangu ni kubwa. Wewe zako ni kama za mtoto."

"Sista, ona, anaonea wivu dawa yangu."

Kilonzo alikuwa akitoka maabara kuja kuwatazama tu. Kilonzo naye hayupo sasa, amezikwa kwao Machakos, na kile kitako cha mbao chenye matundu sijui kiko kwa nani.

Dawa huzuia virusi, wanangu, lakini haifuti makovu. Ini la Lemayian lilikuwa limekwisha kuharibika kabla yetu, na nilichokifanya Bisil kiliongeza. Ndiyo maana mtu wa aina yake usimwache eti kwa sababu ananenepa. Mshike ubavu wa kulia. Mwulize kama maumivu yanapanda begani. Mpeleke apigwe picha ya ini akiwa bado hana malalamiko. Sisi tulimpeleka akiwa na malalamiko. Alikuwa amepungua, na alipoketi alikuwa akijishika chini ya mbavu kama mtu aliyeficha kitu kwenye shuka. Picha ilipigwa Nairobi. Ilionyesha uvimbe, na karatasi ilisema saratani. Wakati huo hakukuwa na lolote la kumfanyia mtu wa Bisil isipokuwa kumpunguzia maumivu. Alikataa kulala hospitalini. Alisema ng'ombe wakimkosa asubuhi wataona ameoa mahali pengine.

Kabla sijaandika yaliyobaki, chukueni swali langu moja, nililolitumia mpaka siku niliyostaafu. Mkimpa mtu dawa, mwulizeni: "Nani mwingine anakunywa hizi?" Liulizeni kwa sauti ya kuomba chumvi mezani. Mtashangaa. Nimeambiwa dada, mume aliyejificha, mama mkwe. Na akikutajia mtu, usiseme "mkataze." Sema "njoo naye." Tofauti ya maneno hayo mawili ni uhai wa mtu.

Nilikwenda kumwona Lemayian nyumbani alasiri moja, mwezi aliofariki. Walikuwa wamemlaza nje kwenye ngozi, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, Parsaloi ameketi kwenye kigoda karibu na kichwa chake. Nilikuwa na dawa ya maumivu katika mfuko, na nilikuwa na neno ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote ile ya kuwahesabia. Niliogopa akifa bila kulijua, na niliogopa zaidi akilijua.

"Lemayian," nikasema, "ile siku ya soko nilipomkataza huyu asikupe dawa. Ile dawa ndiyo ilikuwa inashikilia ini lako. Mimi ndiye niliyekuangusha. Na ulipokuja umeugua nikasema ni supu."

Aligeuza kichwa kunitazama. Macho yalikuwa ya manjano tena. Kisha akaanza kucheka, na kucheka kulimuuma, akajishika ubavu.

"Parsaloi, umesikia? Huyu Mkamba anataka hata ugonjwa wangu uwe yake."

"Wanahesabu kila kitu," Parsaloi akasema, lakini alikuwa anatazama chini.

"Sikia, sista. Wewe ulikataza. Huyu akatii, akaanza kujificha kwa zizi akifikiri sioni. Na mimi nilinyamaza. Nilijua njia ya kliniki, nilikuwa na miguu. Nilisema nikipimwa watu watajua. Sasa hiyo kitu ni kubwa, mtu mmoja hawezi kubeba. Tugawane."

Nilitaka kusema zaidi. Parsaloi akanionyesha kigoda kwa kidevu. Nikaketi. Mke wa Lemayian akaleta chai ya maziwa, vikombe vitatu. Nikataka kumwambia kwamba mgonjwa hawezi, maana hakuwa amemeza chochote tangu siku iliyotangulia. Lemayian akanyoosha mkono akapokea chake. Hakukipeleka mdomoni. Alikishika kwa mikono miwili juu ya kifua mpaka kikapoa, sisi tukinywa, ili tusinywe wawili bila yeye.